Hazina Chini ya Mafiga

Mama yangu huzungumza Kibena kutwa nzima, kwa watu, kwa kuku na kwa Mungu. Kiswahili anakijua, ila anakitoa kama viatu vya kanisani: anavivaa siku yake, akirudi anavifuta na kuviweka juu ya sanduku. Lakini lipo neno moja la Kiswahili alilolivaa akalisahau mguuni. Neno hilo ni hazina. Alilipata kanisani zamani, Kibena chake kikakosa neno la kushindana nalo, basi likabaki.

"Siondoki hapa," aliniambia mwaka huu, mwezi wa tano, tukiwa tumekaa jikoni kwake huku nje ukungu umeficha mpaka migomba. "Nina hazina yangu hapa."

Alisema hivyo huku fimbo yake imeelekea kwenye mafiga, yale mawe matatu ya kupikia ambayo hayajahamishwa tangu nikiwa mtoto.

Mimi maneno ya vitabu sina. Nilisoma mpaka darasa la pili. La tatu nililichungulia dirishani nikiwa na kuni kichwani. Kila nilichonacho hapa Makambako nimekipata kwa miguu na kwa mdomo. Nilianza na viazi vya kuchemsha, nikiinua sinia juu ya kichwa kuelekea madirisha ya treni ya Zambia. Nikaingia kwenye maharage, nikaingia kwenye mbao, leo nina gesti yenye maji ya moto kila chumba. Anayetaka kucheka Kiswahili changu na acheke, ila awe amelipia chumba kwanza.

Neno hazina nilikuwa nalijua kama watu wa mjini wanavyolijua. Hazina ni kule serikalini ambako walimu wastaafu wanaolala kwangu husema mambo yao yamefikia. Mweka hazina ni yule mama wa kanisani anayefunga kikapu cha sadaka kwa kitambaa cheupe na kutembea nacho kama amebeba mtoto mchanga. Nimewahi kuliona limeandikwa kwa rangi nyekundu nyuma ya lori la mbao, na lori lenyewe lilikuwa limepasuka gurudumu, dereva amelala chini yake.

Binti yangu wa mwisho ni mwalimu wa Kiingereza. Nilimpigia simu nikamwambia bibi yake amekataa kuja kwangu kwa sababu ya hazina. Akaniambia Waingereza nao wana neno lao, wanaita trezha, na wao wanaweza kulifanya kitendo.

"Mtu anamtrezha mwenzake, mama."

"Anamfanyaje?"

"Anamweka moyoni. Anamtunza asimpotee."

"Kwa hiyo Wazungu wanahazinishana."

Alicheka mpaka nikasikia simu imeanguka.

Mimi sikucheka. Mwaka jana baridi la mwezi wa sita lilimwangusha mama. Kule kwetu nje ya Njombe mwezi huo asubuhi majani yanakuwa meupe, ukiyakanyaga yanalia. Mama alilazwa, kifua kinapiga kama mlango ulioachwa wazi kwenye upepo. Daktari, kijana mdogo ila hakuumauma maneno, aliniambia mwili wake hautavumilia baridi jingine kama hilo ndani ya moshi ule. "Mtoe mle jikoni kabla ya mwezi wa sita," alisema. Na mama yangu analala mle mle jikoni. Nyumba ya bati niliyomjengea ameweka mahindi.

Basi nikawa nakwenda kila wiki kumbembeleza, naye kila wiki ananiambia hazina, hazina, na siku zinakwisha.

Huko kwetu ukisema hazina chini ya mafiga, watu hawasikii unachosema wewe. Wanasikia Mjerumani. Wanaamini kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia rupia zake kwenye vyungu, akaweka alama juu ya mawe. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakitoboa kilima kizima kwa sababu ya jiwe lenye mikwaruzo. Mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kwa mama, ni mmoja wao. Ni mzee sasa, meno ya mbele hana, lakini akisikia neno rupia macho yake yanakuwa ya miaka kumi na miwili.

"Dada," aliniambia, "babu yetu mzaa mama alikuwa mpagazi wa Mjerumani. Unafikiri alirudi mikono mitupu?"

"Alirudi na kidonda mgongoni. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Na chungu. Kidonda ni cha kubeba chungu."

"Kama mama ana rupia, mbona ulioa kwa mbuzi wa kuazima?"

"Hajanipa ndiyo maana anakaa juu yake! Wewe mchukue mama Makambako, mimi nichimbe, tugawane."

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mama alikuwa anajua. Alijua kwamba siku atakayopanda gari langu, jembe litaingia jikoni kabla vumbi la gari halijatua. Ndiyo maana alikaa.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu kwa umri huu sina wa kumwogopa. Na mimi niliamini. Si rupia, labda. Sijui niliamini nini. Nilikuwa nimelala jikoni mle utoto wangu wote, mgongo kwenye ukuta wenye joto, na mambo ya mle yalikuwa yamebaki ndani yangu kama moshi kwenye sweta. Nilikumbuka mama hakuturuhusu kuruka mafiga. Nilikumbuka kwamba alfajiri, akidhani tumelala, alikuwa akipuliza moto na kusema "kamwene", salamu yetu, kwa sauti ya chini, na jikoni hakuna mtu aliyeingia. Nilikuwa nadhani anausalimu moto. Nikafumba macho tena, nikasinzia, na katika kusinzia nikawa kama nasikia moto unaitikia. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukimwambia chini pana kitu, atakataaje?

Mdogo wangu akaleta mtu mwenye mashine ya kupimia, ile ya mpini mrefu na sahani chini. Walisubiri mpaka mama ameenda kuanika maharage nyuma ya nyumba. Mashine ililia jikoni, palepale kwenye mafiga. Mdogo wangu akanipigia simu sauti inatetemeka.

"Imelia, dada. Imelia kama mtoto."

"Jumapili," nikamwambia. "Nitakuja kumpeleka mama kanisani."

Ni mimi niliyesema. Nilijipa sababu nzuri: wakishachimba, ikapatikana au isipatikane, mama hatakuwa na kitu cha kukalia, atapanda gari, atapona. Mfanyabiashara hakosi sababu.

Jumapili ile ukungu haukuondoka. Nilimvika mama sweta mbili na kitenge kizito, tukaenda polepole, na miti ya mipaina ilikuwa inatokea pembeni mwa barabara mmoja mmoja kama watu wanaotaka kuuliza kitu halafu wanaahirisha. Kanisani tulikaa benchi la nyuma. Kwaya ikaimba, na mama akaniegemea bega. Ni mwepesi siku hizi, mwepesi kama kikapu. Joto lake likaniingia upande mmoja, upande wa pili nina baridi, na sijui ni muda gani nilikaa hivyo, nasikia sauti ya mchungaji kutoka mbali kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Niliwaza jembe. Kila ngoma ilipopigwa niliona jembe linashuka.

Kabla ya sadaka mama akaninong'oneza, "Twende nyumbani."

"Ibada haijaisha, mama."

"Kifua," akasema.

Sikuweza kubishana na kifua. Niliendesha taratibu kadiri nilivyoweza, mpaka bodaboda zikawa zinatupita na kutupigia honi.

Tulimkuta mdogo wangu amekaa kwenye sakafu ya jikoni. Yule mtu wa mashine hakuwepo tena. Mafiga matatu yalikuwa yamesogezwa ukutani, meusi upande mmoja, na upande wa chini yana rangi ya udongo, rangi ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu. Katikati palikuwa na shimo la kufika kiunoni. Kando ya shimo kulikuwa na kipande cha jembe la zamani, kimeliwa na kutu. Hicho ndicho kilichoiliza mashine.

Nilisubiri mama apige kelele. Mdogo wangu naye alisubiri, ameinamisha kichwa kama mtoto anayengoja kofi.

Mama alivuta kigoda, akakaa pembeni mwa shimo, akachungulia.

"Umefika wapi?"

"Hadi kwenye udongo mwekundu, mama."

"Basi umewapita."

Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

"Nimewapita akina nani?" mdogo wangu akauliza.

"Ndugu zako."

Kisha akatuambia, kwa Kibena, bila haraka, kama mtu anayeonyesha mgeni vyumba vya nyumba. Kila mtoto aliyemzaa nyumbani hapo, kitovu chake kilipokauka na kudondoka, alikifukia kando ya mafiga, si mbali, kina cha mkono tu, ili mtoto ajue pa kurudi. Na mama yangu alizaa saba. Tuliobaki ni wawili. Wengine waliondoka wakiwa watoto, wengine wakiwa watu wazima, miaka ile ya msiba juu ya msiba ambayo watu wa huku hatupendi kuisimulia. Makaburi yao yametawanyika, moja halijulikani lilipo. Hapa jikoni walikuwa pamoja.

Akainua fimbo.

"Huyu alikaa siku tisa." Fimbo ikasogea. "Huyu alikuwa anacheka usingizini. Huyu ndiye aliyekwenda kuendesha malori, wakamrudisha kwenye lori. Huyu msichana. Huyu pacha wa mawazo yangu, alikuwa anajua ninachotaka kabla sijasema." Akasogeza fimbo mpaka ikagusa goti la mdogo wangu, kwenye udongo aliokuwa ameutupa. "Na huyu ni wewe, uliyekaa juu yako mwenyewe."

Mdogo wangu aliinuka haraka kama aliyekalia kaa la moto. Katika hali nyingine ningecheka.

Nilikuwa nahesabu. Sita. Nikatazama sehemu ya udongo ambayo fimbo haijafika, nikangoja.

"Na mimi, mama?"

Akatazama shimo.

"Wewe hupo."

Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nilizaliwa kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, baba akiwa na mkataba, kama Wabena wengi wa wakati ule. Hilo nililijua siku zote. Kambi ya nyumba ndefu, joto, mbu. Nimesimuliwa mpaka kama nakumbuka. Alichonisimulia sasa sikuwahi kukisikia.

"Kitovu chako kilidondoka wakati nampelekea baba yako chakula," alisema. "Nimekufunga mgongoni. Nilipokufungua, hakipo. Nikarudi njia yote. Mistari ya mkonge yote inafanana, mwanangu. Nikaingia mstari huu, nikatoka, nikaingia ule. Naangalia chini, miiba inanichoma hapa na hapa. Nimetafuta mpaka mnyapara akanifukuza, akasema mimi mwizi wa kamba. Nilipoteza. Ningekuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga, kingefika. Sikukifunga."

"Mama, hiyo ni zamani."

"Ulipoanza kwenda Makambako na viazi vyako, hulali nyumbani, leo uko huku kesho uko kule, watu wakasema binti yako ana akili ya biashara. Mimi nikajua ni mkonge. Anatafuta. Nikasema, ni mimi niliyemwacha njiani."

Nilitoka nje. Niseme ukweli tena: sikutoka kwa huzuni, nilitoka kwa hasira. Nilisimama kando ya gari langu, nililolinunua kwa jasho langu, nikaweka mkono juu ya bati lake la baridi. Miaka yote najigamba kwamba nimejitengeneza. Hakuna mwanamume aliyenipa mtaji, hakuna mwalimu aliyenionyesha hesabu. Na kumbe mtu aliyenizaa, kila nilipofika kwake nimevaa vizuri, nimeleta sukari na mafuta, alikuwa ananitazama kama kitu kilichodondoka. Viazi vyangu, mbao zangu, maji yangu ya moto, vyote ni mkonge!

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya shamba la parachichi la mdogo wangu. Sikuona mbali. Ndani nilisikia jembe, safari hii linarudisha udongo, na sauti ya mama ikimwelekeza: polepole, usichanganye, ule wa juu uwe juu. Sauti ile ilinifanya nisimame tu. Hasira yangu ilikuwa imeanza kupoa bila kuniomba ruhusa. Nilimwona mwanamke kijana, mdogo kuliko wajukuu zangu wa sasa, ameinama katikati ya mkonge, miiba mikononi, anatafuta kitu kidogo kama kijiti cha kiberiti. Alitafuta kwa sababu yangu. Na mpaka leo hajaacha, ila tu alikuwa amekaa.

Niliporudi ndani mafiga yalikuwa mahali pake. Mdogo wangu alikuwa ameyaweka vibaya mara mbili na mama alikuwa amemrudisha mara mbili. Moto ulikuwa umewashwa. Nikakaa chini, upande wangu wa utotoni, mgongo ukutani.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliyempa Jumapili. Nilikupeleka kanisani ili achimbe."

"Najua. Lini ulianza kupenda ibada?"

Mdogo wangu akacheka kwa pua, kisha akanyamaza mwenyewe.

Mama akageuza kiazi kwenye majivu kwa vidole, bila kuogopa moto.

"Sasa ameona," akasema, akimaanisha mwanawe. "Hatachimba tena. Hawa hawaendi popote. Nimekaa nao miaka yote." Akanisogezea kiazi. "Nitakwenda kukaa na yule ambaye sijamkalia."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nimebembeleza miezi, nimenunua godoro, nimetumia daktari, nimetumia mchungaji. Nikauliza kama mjinga, "Nani?"

"Wewe una ndugu wangapi walio Makambako?"

Asubuhi yake aliamka kabla yetu. Nilimsikia anapuliza moto, nikamsikia anasalimu, na safari hii nilijua anasalimu watu. Alimwita mdogo wangu akamwambia awashe moto hapo kila siku, hata kama hana cha kupika.

"Ndiyo, mama."

"Na usiuambie habari za rupia."

"Ndiyo, mama."

Barabara ya kwenda Makambako ilikuwa nyeupe. Malori ya mbao yalitokea kwenye ukungu taa zikiwaka, yakapita, yakayeyuka. Mama hakuuliza tumefika wapi. Alikuwa amekunja mikono ndani ya kitenge, anaangalia mbele, midomo inatembea. Nilidhani anasali. Nilipoinama kusikia, alikuwa anasema polepole vitu anavyoviona: mti, mti, mtu na ng'ombe, nyumba ya bati, mti. Sikumkatisha. Karibu na mji, treni ilisikika kutoka mahali tusipopaona, akageuza kichwa.

"Hiyo ndiyo yako?"

"Ndiyo hiyo."

Nikamwingiza ndani. Nilimwonyesha chumba, kitanda, bomba la maji ya moto. Aliweka kidole kwenye maji akakitoa haraka. Nikamwonyesha jiko la gesi, na vigae vya sakafu ambavyo wageni huvisifu. Akasimama katikati ya jiko langu na fimbo yake, anazungusha macho.

"Humu mtu anakaa wapi?"

Watu hawakai humo. Nikatoka uani nikachukua jiko la mkaa, nikaliwasha, lilipoacha moshi nikaliingiza. Nikafungua dirisha, nikatandika mkeka juu ya vigae. Tukakaa chini, mimi na sketi yangu ya kwenda benki.

Aliutazama mkaa mpaka ukawa mwekundu wote. Halafu akasema, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mama?"

Akanigusa tumboni kwa fimbo.

Nina wajukuu tisa. Nina wafanyakazi wanaonyamaza nikiingia. Nilitazama mlangoni kama kuna mtu, nikapandisha blauzi. Mama akanisogelea, akainamisha kichwa karibu kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, akaweka kidole juu ya kitovu changu. Kidole kilikuwa kimepata joto la mkaa. Alikizungusha polepole, pembeni, kisha katikati, kama mtu anayepapasa ukuta kuona kama umekauka.

"Kilipona vizuri," akasema.